Opera ya Chemba ni Nini, na Kwa Nini Inavifaa Visa vya Imani

Opera ya chemba ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho na watu wachache, mbele ya hadhira ndogo. Waimbaji mara nyingi ni kati ya wanne na wanane, wapigaji ala kumi au kumi na tano, na kwaya ya umati kwa kawaida haipo. Kwenye majumba makubwa ya opera kama La Scala ya Milano, okestra peke yake inaweza kuwa na watu zaidi ya 70. Katika opera ya chemba idadi imepunguzwa, lakini kazi ya kila mmoja imeongezeka. Aliyewahi kuimba kwaya ataelewa haraka: besi wakiwa 15, mmoja akiteleza wenzake wanamfunika. Akiwa peke yake akinyamaza, besi haipo.

Isichanganywe na oratorio. Oratorio nayo husimulia kisa cha dini kwa kuimba, ila waimbaji husimama na vitabu vyao mikononi, bila mavazi ya mchezo wala maigizo. Mashahidi wa Uganda walitungiwa oratorio na Joseph Kyagambiddwa, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964, mwaka waliotangazwa kuwa watakatifu. Opera inadai zaidi ya hapo. Anayeimba sehemu ya muuaji lazima ashike shoka na amkaribie anayekwenda kuuawa, na wewe uliyeketi hatua chache kutoka hapo huna pa kuyaficha macho.

Michezo midogo ya kuimba ilikuwepo tangu zamani, lakini umbo hili lilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mtu wa kutajwa kwanza ni Mwingereza Benjamin Britten. Fedha zilikuwa haba na majumba ya opera ni ya kuhesabika. Mwaka 1946, huko Glyndebourne, Uingereza, akatoa The Rape of Lucretia kwa waimbaji 8 na ala 13 tu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha English Opera Group, kundi dogo linaloweza kusafiri. Kisa cha Lucretia, mwanamke aliyebakwa kisha akajiua, ni cha Roma ya kale, kabla ya Kristo, lakini ndani yake wamo wasimulizi wawili, mwanamume na mwanamke, wanaokitazama kwa macho ya Kikristo na kuuliza kama mateso yale yote yana maana. Kwa hiyo swali la imani limo ndani ya umbo hili tangu siku zile za mwanzo, wala halikuja kupachikwa baadaye.

Mimi naamini ukaribu huo haukutokea kwa bahati. Kisa cha mfiadini, ukikivua majeshi na wafalme, kinabaki na uamuzi wa mtu mmoja: nikane nibaki hai, au nisimame nife. Uamuzi huo haufanywi na umati. Hata opera kubwa zinalijua hilo. Francis Poulenc wa Ufaransa aliandika Dialogues des Carmélites, iliyotolewa La Scala mwezi Januari 1957, kuhusu watawa 16 wa Compiègne waliokatwa vichwa na serikali ya Mapinduzi tarehe 17 Julai 1794. Ina okestra kamili na umati jukwaani. Lakini mwishoni watawa wanaimba Salve Regina, wimbo wa Kilatini wa kumwomba Bikira Maria, wakielekea kwenye mashine ya kukatia vichwa, na kila panga linaposhuka sauti moja inatoweka, mpaka inabaki moja. Jumba kubwa linafika kilele chake kwa kuwa dogo. Opera ya chemba inaanzia pale ambapo Poulenc anamalizia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland. Mwanzoni mwa karne ya 12 visiwa hivi vilikuwa chini ya Norway, na vilitawaliwa na majarli wawili, yaani watawala walio chini ya mfalme, Magnus na Håkon, watoto wa ndugu wawili. Masimulizi ya kale ya huko yanasema kwamba Magnus alipokuwa kijana alipelekwa vitani kwenye mlangobahari wa Menai, Wales, akakataa kupigana. Alikaa merikebuni akiimba zaburi huku mishale ikipita. Baadaye binamu hao wakagombana juu ya utawala, na karibu na mwaka 1117, wakati wa Pasaka, wakakubaliana kupatana kwenye kisiwa cha Egilsay, kila mmoja aje na idadi ileile ya merikebu. Håkon akaja na nyingi zaidi.

Magnus alimwambia achague: nipeleke kuhiji nisirudi tena, au nifunge Scotland, au nilemaze na kunipofusha unitie gerezani. Håkon alikuwa tayari kulipokea hilo la tatu. Wakuu wake ndio waliokataa. Walichoka na watawala wawili, wakataka mmoja afe. Mshika bendera akaamriwa aue, akagoma kwa hasira. Amri ikashuka mpaka kwa mpishi, Lifolf, naye akalia. Magnus ndiye aliyemtuliza, akamwomba ampige kichwani, asimkate shingo kama mwizi. Mwaka 1137 mpwa wake Rognvald akaanza kujenga kanisa kuu kwa heshima yake mjini Kirkwall, na mwaka 1919, ndani ya nguzo ya kanisa hilo, yakapatikana mabaki ya binadamu pamoja na fuvu lenye jeraha kubwa.

Mtunzi Peter Maxwell Davies, Mwingereza aliyehamia Orkney, aliandika kisa hicho kuwa opera ya chemba yenye sehemu tisa, The Martyrdom of St Magnus, akiegemea riwaya ya George Mackay Brown, mwandishi mzaliwa wa visiwa hivyo. Iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1977, ndani ya kanisa kuu lenyewe, kwenye tamasha la kwanza la Mtakatifu Magnus. Waimbaji ni watano tu: mwanamke mmoja na wanaume wanne wanaobadilishana sehemu. Yule mwanamke ndiye Mary kipofu, anayeona mbele mambo ambayo wenye macho hawayaoni, na mwishoni anapata kuona kweli.

Jambo kubwa alilofanya Davies ni kuuhamisha wakati. Opera inaanza na vita vya Menai. Ikikaribia mauaji, muziki unavuka karne baada ya karne, waandishi wa habari wanaingia, na Magnus anajikuta mfungwa wa siasa katika nchi ya leo inayotawaliwa kwa mabavu ya polisi. Wapo wanaoona hiyo ni kuichezea historia. Mimi sikubaliani nao. Waliosikiliza siku ile walikuwa wamekizoea kisa cha mtakatifu wao kama picha ya ukutani. Davies aliwarudishia uchungu wake. Na kwa kuwa mabaki yale yamehifadhiwa ndani ya kanisa hilohilo, hakuhitaji mandhari ya kupaka rangi. Mahali penyewe palikuwa jukwaa.

Hapo ndipo onyesho la kwanza linapokuwa zaidi ya sherehe ya kukata utepe. Opera mpya haina rekodi ya kusikiliza wala mwimbaji aliyetangulia wa kumwiga. Waimbaji hujifunza kutoka kwenye karatasi, kwanza kwa piano peke yake, na ala zote huunganishwa nao siku za mwisho. Mtunzi naye hufuta na kuongeza hadi dakika za mwisho, kwa sababu ndani ya kuta za mawe sauti haisikiki kama kwenye chumba cha mazoezi. Ndani ya kanisa la kale sauti hukawia hewani. Maneno yakiandikwa ya haraka, yanagongana na mwangwi wa yaliyotangulia, na hadhira haipati kitu.

Britten aliutumia mwangwi huo kwa ustadi katika Curlew River, iliyotolewa tarehe 13 Juni 1964 katika kanisa la Orford, Suffolk. Asili yake ni mchezo wa Noh, maigizo ya kijadi ya Japani, aliouona Tokyo mwaka 1956, kuhusu mama aliyepagawa kwa kumtafuta mwanawe aliyeibwa. Katika ule wa Japani mama anabaki na majonzi yake. Britten na mshairi William Plomer wakaugeuza kuwa wa Kikristo, na mama anaponywa kwenye kaburi la mtoto. Watawa wanaingia kwa maandamano wakiimba wimbo wa Kigregoriani, wanavaa mavazi ya mchezo mbele ya watu, kisha wanaigiza. Waimbaji wote ni wanaume, hata mama. Ala ni saba, na hakuna mtu wa kuwaongoza. Badala yake Britten alibuni alama anayoiweka juu ya noti au kituo cha kunyamaza, yenye maana ya kwamba ufikapo hapa, subiri mpaka wenzako wafike. Ili kusubiriana lazima kwanza wasikilizane, na hilo ndilo linaloipa kazi ile pumzi ya sala.

Baada ya onyesho la kwanza huja mtihani mgumu zaidi, wa kupata la pili. Opera mpya nyingi huishia kabatini kwa sababu hakuna mwenye fedha za kuziandaa upya. Hapa udogo unasaidia, maana watu ishirini na ala zao wanatosha ndani ya basi moja, na kanisa lolote lenye nafasi linafaa. Britten aliiongezea ile ya 1964 nyingine mbili kwa ajili ya Orford: The Prodigal Son, ya mwana mpotevu, mwaka 1968, na kabla yake The Burning Fiery Furnace, mwaka 1966, kisa cha Shadraka, Meshaki na Abednego kutoka Kitabu cha Danieli. Msomaji anayetaka kuanza kusikiliza opera za namna hii namshauri aanze na hiyo ya 1966. Kisa anakijua tayari, na kuna mahali wapigaji wanainuka na ala zao, wanaandamana ndani ya kanisa wakipiga muziki wa kuisujudia sanamu ya dhahabu ya Nebukadneza, huku vijana watatu wamesimama wima.