Jeni tawala ni nini? Nancy Wexler na watu wa Ziwa Maracaibo

Jeni zetu, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya mwili, huja mbili mbili, nakala moja ya mama na nyingine ya baba. Jeni ikiitwa tawala, maana yake nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa, hata kama mwenzake ni mzima kabisa. Selimundu haiko hivyo. Mtoto huugua selimundu akirithi kasoro pande zote mbili, ndiyo maana wazazi wasiowahi kuumwa hushtuka wakipewa majibu ya mtoto wao. Ualbino nao ni vivyo hivyo.

Neno "tawala" huwapotosha wengi, wakadhani ni jeni iliyoenea kuliko nyingine. La. Ugonjwa wa Huntington unatokana na jeni tawala na bado ni adimu. Viungo huanza kuchezacheza bila hiari, akili hufifia, tabia hubadilika, na mpaka leo hauna tiba ya kuuponya. Wengi huanza kuugua wakiwa na miaka kati ya 30 na 50, wakiwa wameshazaa. Kwa njia hiyo jeni inayoua hupita kutoka kizazi hadi kizazi.

Nancy Wexler, Mmarekani, alikutana na ugonjwa huu nyumbani kwao. Mwaka 1968 yeye na dada yake waliambiwa na baba yao kwamba mama yao anao. Babu yao mzaa mama na wajomba zao watatu ulikuwa umewapata pia. Kila binti alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapa watu hukosea sana: husema, "Tuko wawili, basi mmoja wetu ndiye atakayeupata." Sivyo. Sarafu hurushwa upya kwa kila mtoto, wala haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Wanaweza kurithi wote, au asirithi hata mmoja.

Wexler alikuwa amesomea saikolojia, lakini mwaka 1979 alifika Venezuela, kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, vingine nyumba zake zimesimama kwenye nguzo juu ya maji. Huko daktari Américo Negrette alikuwa ameshatambua, miaka ya 1950, kwamba watu waliodhaniwa walevi walikuwa wagonjwa wa Huntington. Wexler alikuwa akitafuta jambo moja: mtu ambaye baba na mama wote ni wagonjwa, akarithi nakala mbili mbovu. Je, huyo ataumwa maradufu?

Wanakijiji walisita kutoa damu na vipande vya ngozi. Wexler akawaonyesha kovu mkononi mwake, mahali alipokatwa ngozi yeye mwenyewe kwa ajili ya utafiti uleule. Muuguzi mmoja akaushika mkono ule, akauzungusha kwa watu huku akisema huyu naye ana alama. Naamini kovu lile lilifungua milango ambayo maelezo ya kitaalamu yasingeifungua.

Alirudi karibu kila mwaka, na mchoro wa ukoo ukakua hadi kufikia watu zaidi ya 18,000. Watu wa nakala mbili walipatikana, na taarifa yao ikatoka mwaka 1987: dalili zao hazikutofautiana na za wenye nakala moja. Hapo jeni ilionekana kuwa tawala kikamilifu. Kwa watu hao, nakala moja ilipokuwa imeharibika, ya pili haikuonekana kuongeza wala kupunguza.

Damu ile ilisaidia pia kuonyesha, mwaka 1983, kwamba jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya nne, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni zetu. Kuipata hasa kulichukua miaka kumi zaidi, hadi 1993. Kasoro ni herufi tatu za DNA, kemikali ambamo jeni zimeandikwa, yaani CAG, zinazojirudia kupita kiasi. Watu wengi wana marudio yasiyofika 27. Yakifika 40 au zaidi, ugonjwa huja mtu akiishi umri wa kawaida.

Kwa hiyo kipimo kikawepo cha kumwambia mtu mzima wa afya kama ataugua. Wexler mwenyewe kwa miaka mingi hakutaka kusema kama amepima au hakupima, na nadhani alikuwa na haki hiyo. Mwaka 2020 alitangaza kwamba naye anaumwa Huntington.