Vidoli vya sikukuu vya LEGO: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika maduka mengi ya LEGO kuna kabati lenye vibakuli vya vichwa, nywele na kofia, viwiliwili, miguu na vifaa vya kushika mkononi. Mnunuzi anachagua mwenyewe, anaunda vidoli vitatu, anavifunga kwenye pakiti moja na kulipia pakiti hiyo. Kila kidoli kina haki ya kichwa kimoja, nywele au kofia moja, kiwiliwili kimoja, jozi moja ya miguu na kifaa kimoja. Msimu wa sikukuu ukikaribia, vibakuli hupata vipande vya Krismasi, Halloween au Pasaka. Ndugu aliyeko London au Dubai akiagizwa avilete nyumbani, afadhali ayajue haya kabla hajasimama mbele ya kabati, maana makosa mengi hutokea palepale.

“Ni mchezo wa bahati, hujui utapata nini”

Hapa watu huchanganya bidhaa mbili. Vidoli vya mfululizo, vilivyoanza mwaka 2010, ndivyo vinavyouzwa vikiwa vimefungwa bila kuonyesha kilichomo. Hapo awali vilikuwa kwenye vifuko, na tangu mwaka 2023 vimo kwenye visanduku vya karatasi ngumu. Baba Krismasi wa mfululizo wa 8 (2012) na mtu wa biskuti ya tangawizi wa mfululizo wa 11 (2013) walitoka kwa njia hiyo. Kabati la kujiundia ni kitu kingine kabisa: unaona, unashika, unageuza, unarudisha. Kwa hiyo kipande kibovu ukifika nacho nyumbani, ujue hukukikagua.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika mbili. Tazama kama mchoro wa kifuani umekaa katikati, maana uchapaji huteleza upande na sweta ikatoka na vifungo vilivyopinda. Zungusha kila mkono wa kidoli: unatakiwa uwe mzito kidogo na ubaki pale unapouacha. Ingiza kifaa kwenye kiganja. Kikianguka chenyewe, tafuta kiwiliwili kingine. Kisha kiinue kiwiliwili kwenye mwanga na utazame ubavuni, chini ya kwapa, kama kuna mstari mwembamba. Huo ni ufa, na ufa hauponi.

“Baba Krismasi wa LEGO lazima awe wa njano”

Rangi ya njano ilichaguliwa ili kidoli kisiwe cha kabila lolote, na tangu mwaka 1978 ndiyo rangi ya kawaida. Rangi halisi za ngozi ziliingia mwaka 2003 kwenye vidoli vya wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA, na tangu wakati huo vichwa vya rangi za kahawia mbalimbali vipo vingi sana. Anayetaka Baba Krismasi mweusi, au familia nzima inayofanana na ya kwake, anaweza kabisa kumpata. Tatizo si kichwa. Tatizo ni shingo na viganja.

Viwiliwili vya kwenye kabati kwa kawaida vina viganja vya njano, na vingi vimechapwa kipande cha ngozi ya njano chini ya shingo, pale ukosi ulipo wazi. Ukiweka kichwa cha kahawia juu yake, unapata mtu wa rangi mbili. Kuna njia tatu za kulikwepa hilo. Ya kwanza ni kuchagua kiwiliwili kilichofunikwa hadi juu: koti lenye manyoya shingoni, sweta ya kola ndefu, skafu iliyochapwa. Ya pili ni kutafuta kile chenye viganja vya rangi ya glavu, na koti la Krismasi ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ya tatu ni kubadilisha viganja. Kiganja kinatoka kwa kukivuta moja kwa moja huku ukikizungusha polepole, na cha rangi nyingine kinaingia vivyo hivyo. Usifanye hivyo mara kwa mara, kwani tundu hulegea na kiganja huanza kuanguka. Ndevu nyeupe nazo husaidia sana: hufunika shingo yote na sehemu ya kifua.

Vichwa na viganja vya ziada vinapatikana BrickLink, soko la vipande ambalo LEGO yenyewe ililinunua mwaka 2019. Huko kila kipande kina namba: kiwiliwili huanza na 973, kichwa na 3626, nyonga na miguu na 970. Ukizijua namba hizo tatu, kutafuta kunakuwa rahisi.

“Vipande vyote vinaingiliana, chukua unavyopenda”

Vinaingiliana, lakini haviwezi kuvaliwa vyote kwa pamoja. Ndevu, joho la kitambaa na mzigo wa mgongoni vyote hukaa shingoni, kati ya kichwa na kiwiliwili. Shingo ni fupi. Kila unachoongeza kinakipandisha kichwa juu kidogo, na kichwa kinabaki na sehemu ndogo ya kushika. Ndevu peke yake hazina shida. Ndevu na joho hushika, ila kichwa kinatikisika. Ukiongeza na gunia la mgongoni, kidoli kikiinamishwa kichwa kinadondoka. Nywele ndefu zinazofika mabegani nazo hugongana na joho, zikainua kichwa upande wa nyuma na kidoli kikawa kama kinatazama miguu yake.

Vichwa vingi vina nyuso mbili, tabasamu mbele na mshangao nyuma. Ukikivisha kofia isiyoshuka kisogoni, uso wa pili utachungulia. Kwa kofia fupi, tafuta kichwa cha uso mmoja.

“Miguu mifupi ni ya watoto tu, haina tofauti nyingine”

Tofauti ipo, na ni kubwa: miguu mifupi ya kawaida haikunjiki. Msaidizi wa Baba Krismasi mwenye miguu hiyo anasimama vizuri lakini hawezi kuketi kwenye sleji. Miguu ya urefu wa kati, iliyotoka mwaka 2018, inakunjika.

Kwa wasomaji wa pwani kuna jambo la kupendeza hapa. Miguu si lazima. Kiwiliwili hukaa juu ya tofali la mteremko la nundu (vile vifundo vya juu ya tofali) 2 kwa 2, lenye kimo cha matofali mawili, ambalo hutumiwa kama gauni. Likiwa jeupe, chini ya kiwiliwili cheupe kisicho na mchoro, hiyo ni kanzu. Tarbushi nayo imo kwenye orodha ya vipande vya LEGO. Kwa vipande vitatu hivyo na kichwa cha rangi unayotaka, umepata kidoli cha Idi, hata kama kabati la dukani halikukiwaza. Nacho hakiketi, kisimamishe tu.

“Ukitaka kubadilisha mikono, ing'oe tu”

Hili ndilo linaloharibu vidoli vingi kuliko yote. Mkono umeingizwa kiwandani kwa nguvu kupitia tundu la bega, na ukiuvuta, plastiki ya ubavuni inapanuka. Huenda usione kitu siku hiyo. Baada ya miezi ufa unatokea kwapani au unaanzia chini na kupanda. Viganja badilisha, mikono iache. Ukitaka mikono ya rangi nyingine, tafuta kiwiliwili kilichokuja nayo.

Kiganja nacho kimetengenezwa kushika kijiti cha unene wa milimita 3.2 hivi. Fimbo au kengele iliyotengenezwa na mtu mwingine, ikiwa nene kuliko hapo, hukipasua. Vipande vya rangi ya kahawia na nyekundu iliyokolea vya miaka ya nyuma vinajulikana kwa kuvunjika upesi, basi vishike kwa uangalifu zaidi.

“Kikiwa na rangi nzuri na uzito, ni halisi”

Bandia nyingi zina rangi nzuri. Kitoe kichwa utazame juu ya shingo: kwenye kipande halisi kuna neno LEGO kwa herufi ndogo sana. Tenganisha miguu na kiwiliwili, utalikuta tena kwenye nundu mbili za nyonga. Kamera ya simu ikisogezwa karibu inatosha kulisoma.

Tazama pia kichwa kwa juu. Vichwa vya siku hizi vina matundu kwenye nundu, ili mtoto akikimeza kikamkwama hewa iendelee kupita. Hilo halifanyi vidoli hivi vifae kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Alama ya katazo ipo kwenye pakiti kwa sababu hiyo.

“Kikichafuka, maji ya moto na jiki, kikigeuka manjano, kianike juani”

Plastiki ya ABS, ile ya vipande vingi vya LEGO, hupoteza weupe kwa sababu ya jua lenyewe, na dirisha la Mombasa au dashibodi ya gari Muscat hufanya kazi hiyo haraka. Jiki haiondoi umanjano huo. Osha kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40, sabuni laini kidogo. Kwanza tenganisha nywele, kichwa, kiwiliwili na miguu ili maji yasibaki ndani, kisha kausha kivulini juu ya taulo. Mchoro usisuguliwe kwa brashi. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni huyeyusha plastiki yenyewe, kwa hiyo kisikaribie meza.

“Vitapanda thamani, viweke tu”

Kidoli ulichokiunda mwenyewe si toleo rasmi, ni mchanganyiko wako. Kinachotafutwa na wakusanyaji ni kipande kimojakimoja, hasa kiwiliwili chenye mchoro unaopatikana kwenye kabati hilo tu. Kwa hiyo mwenye nia ya kukusanya achague viwiliwili vitatu tofauti vya sikukuu kwanza, ndipo atafute vichwa na miguu. Watu hufanya kinyume: hutumia muda kwenye nywele, wakaishia na kiwiliwili kilichobaki.

Wakati nao una maana. Vipande vya sikukuu huwekwa kabla ya sikukuu yenyewe, na kibakuli kikiisha huenda kikajazwa kitu kingine. Anayeagiziwa vya Krismasi apite dukani mapema, siku ya kazi asubuhi, na apige simu kwanza kuuliza kama kabati lipo, kwa kuwa si kila duka linaloandikwa LEGO mlangoni linalo.