Kilimanjaro ya siku moja kwa anayetokea Mwanza

"Kaka, tuko watu tisa, tunataka Kilimanjaro ya siku moja. Tutoke Ijumaa, Jumamosi tupande, Jumapili asubuhi tuwe kanisani Mwanza." Simu za namna hii napokea nyingi shule zikikaribia kufungwa, na jibu langu halibadiliki: siku moja ya mlimani inataka siku tatu za kalenda. Moja ya kwenda, moja ya kupanda, moja ya kurudi. Ukiiba hata moja, mlima utakudai.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuiba. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii ya kuongoza wageni, nilitoka na kikundi stendi ya Nyegezi alfajiri. Shinyanga, Nzega, tukapita salama. Tulipoiacha Singida basi likaharibika, tukakaa kando ya barabara mpaka giza likaingia. Moshi tuliingia saa 8 usiku, na saa 12 asubuhi nikawaamsha watu kwa kuwa nilikuwa nimeshalipia kila kitu. Kufika Kisambioni, pale katikati ya njia ambapo watu hupumzika na kula, dada mmoja alikaa kwenye benchi akashindwa kuinuka. Hakuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa ndani ya basi, usingizi haukutosha, na asubuhi alikunywa chai tupu. Mwongozaji wetu, mzee wa Marangu, alimtazama, akanigeukia mimi: "Mwanangu, huyu kachoka tangu jana. Turudi." Tukarudi wote.

Watu wa Marangu kazi hii wanayo damuni. Wazungu wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, inasimuliwa kuwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikuwa mmoja wa waliowaongoza. Kanuni za hifadhi zinakutaka upande na mwongozaji mwenye leseni, na mimi naongeza: akisema turudi, usibishane naye.

Sasa tuelewane kuhusu safari yenyewe. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kukifikia ni safari ya siku tano au zaidi. Safari ya siku moja ninayoipendekeza ni kutoka geti la Marangu, kama mita 1,880, mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720. Ni kama kilomita 8 kupanda na 8 kushuka, na karibu njia yote ni msitu. Theluji hutaigusa. Kuna siku hata Kibo chenyewe, kilele kikuu chenye theluji, hukioni, kimejifunika mawingu kutwa nzima. Nawaambia watu haya kabla hawajatoa hela, kwa sababu nimeona sura ya mtu aliyeahidiwa theluji akapewa ukungu.

Lakini msitu ule, jamani! Sisi tumezoea miamba na jua la ziwani. Pale unaingia mahali ambapo kila tawi limening'iniza ndevu za kijani na kijivu, maji yanadondoka hata kama mvua haijanyesha, na mbega wanaruka juu yako na mikia yao mirefu myeupe. Mwambie mwongozaji akuonyeshe ua dogo jekundu lenye rangi ya njano, linaloota chini kabisa pembeni mwa njia. Halizidi sana ukucha wa kidole gumba, na nyuma lina mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo. Duniani kote ua hilo huota Kilimanjaro tu. Watu wengi hulipita wakiwa wanatafuta kitu kikubwa. Mimi husimamisha kikundi kizima, tunachuchumaa, tunalitazama.

Saa za siku huwa nazipanga nikianzia mwisho. Saa 12 jioni nataka kila mtu awe ametoka getini, maana muda mfupi baadaye jua linazama na ndani ya msitu giza hutangulia. Kushuka kutoka Mandara nakuhesabia saa mbili na nusu kwa kikundi cha kawaida, na saa nzima ya ziada kwa ajili ya goti la mtu au mvua. Kwa hiyo saa 8 na nusu mchana tunageuka, tuwe tumefika au hatujafika. Kupanda ni saa tatu mpaka nne, kwa hiyo saa 3 asubuhi tuwe tumeanza kutembea. Usajili getini unaweza kula saa nzima. Moshi mpaka getini ni zaidi kidogo ya saa moja kwa gari. Ndiyo maana nawatoa watu hotelini saa 12 na nusu wakiwa wameshakula, na chakula chenyewe kiwe chakula kweli. Mkiwahi Mandara, pandeni dakika 15 au 20 zaidi mpaka ukingo wa kreta ya Maundi. Msitu unaisha ghafla, unajikuta kwenye uwazi, na siku ikiwa njema unaviona Kibo na Mawenzi, kilele cha pili, vimekaa pamoja.

Kuna jambo moja huwashangaza wateja wangu: Moshi iko chini kuliko Mwanza. Ziwa letu liko kwenye mita 1,134 hivi, Moshi haifiki hapo, na joto lake utalisikia. Basi watu wanatoka Moshi na fulana wakidhani huko juu ni hivyo hivyo. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Mandara ni baridi kwa zaidi ya nyuzi 10 kuliko mjini ulikolala. Sweta na koti la mvua viwe ndani ya begi la mgongoni hata kama asubuhi kumekucha kweupe. Viatu viwe ulivyokwisha kuvitembelea, visiwe vipya vya kutolea dukani wiki hiyo. Maji beba lita mbili au tatu kwenye chupa ya kudumu. Cha kutafuna njiani mimi hubeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga kutoka nyumbani. Havimwagiki, havichachi, na vinashibisha.

Mazoezi tunayo mlangoni. Mtoto wa mtaa wa Mabatini hapa Mwanza anayepandisha ndoo ya maji kati ya miamba kila siku hahitaji ushauri wangu. Wengine, wiki nne kabla, pandeni na kushuka kilima cha Capri Point jioni kwa saa nzima bila kukaa. Kushuka ndiko kunakouma magoti, kwa hiyo msiruke sehemu hiyo kwa kupanda bodaboda.

Kichwa kikianza kuuma karibu na Mandara, sema mapema. Kuanzia mita 2,500 hivi urefu unaweza kuanza kumsumbua mtu, na dawa yake ni kushuka.

Ada kwa Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno kuliko ya mgeni, ila beba kitambulisho. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si fedha mkononi, kwa hiyo mkamilishe kabla ya siku ya kupanda. Machi mpaka Mei ni masika, njia inateleza, sipeleki watu. Januari, Februari, na Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi yangu.

Mkishuka, simameni Marangu Mtoni mle mtori wa moto, mkalale Moshi. Asubuhi ya kurudi, kateni tiketi za upande wa kulia wa basi. Mlima mara nyingi hujifunua alfajiri kabla mawingu hayajapanda, na upande huo mtaenda nao mpaka njia ya Arusha iuache nyuma.