Kumhamisha mtoto katikati ya mwaka: jina huanza kwa penseli

Tangu niingie kazi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri, hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuniambia kwamba mtoto fulani hamtaki. Jibu huwa la kiungwana: "Ustawi, mleteni Januari." Ukiambiwa hivyo mwezi wa sita, ujue umenyimwa. Miezi sita inamtosha mtoto wa miaka kumi kujifunza kuuza karanga stendi, na akishaonja hela yake mwenyewe, kumrudisha darasani ni kazi nyingine.

Ninaowazungumzia ni hawa: aliyeondolewa nyumbani usiku kupitia dawati la jinsia na watoto, aliyetoka makao ya watoto kurudishwa kwa bibi, aliyetoka mahabusu ya watoto, aliyejifungua. Hawa hawahami kwa kalenda ya wizara.

Wengi hudhani kikwazo ni ada. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, kwa hiyo hilo liweke pembeni. Kikwazo ni nafasi, na zaidi ya nafasi ni wastani wa ufaulu. Kwa kiwango cha serikali darasa la msingi ni watoto 45. Zipo shule za pembezoni mwa mji ambako nimehesabu zaidi ya mara mbili yake, wanne kwenye dawati moja. Hapo mwalimu ana haki ya kuguna. Lakini wastani ndio unaomfanya mtoto anayesoma kwa kusuasua aonekane mzigo. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ila kwenye vikao vya elimu nilivyokaa mimi shule bado zinapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mwalimu mkuu wa ile ya mwisho husimama akajieleza mbele ya wenzake. Ukishaliona hilo kwa macho, huwezi kumkasirikia. Siku hizi nikifika ofisini kwake, baada ya shikamoo nazungumzia kwanza matokeo ya shule yake. Mtoto wangu anakuja baadaye.

Halafu kuna uhamisho. Kila mwanafunzi ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Shule anayotoka ndiyo inayoanzisha uhamisho, na inataja anakokwenda, inayopokea inakubali. Kwa mtoto ambaye mama yake kahamishwa kikazi ni jambo jepesi. Kwa watoto wetu, aliyeshika ufunguo mara nyingi anaishi mtaa mmoja na yule ambaye mtoto amemkimbia.

Hili nilijifunza vibaya. Tulikuwa na msichana wa darasa la tano, tumemweka kwa mtu wa kuaminika wilaya ya jirani. Uhamisho nikaufuata kwa utaratibu wa kawaida. Mwalimu wa shule ya zamani, mtu mwema tu, alipoulizwa na baba akamjibu kwa nia safi kwamba mwanao kahamia shule fulani. Siku ya tatu baba yuko getini na mfuko wa machungwa, anamwomba mlinzi amwitie binti yake. Ilibidi tumhamishe tena, shule ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

Tangu hapo naanzia kwa maofisa elimu wa halmashauri zote mbili, na shule ya zamani huambiwa mapema kwamba ofisi ya ustawi ndiyo itakayomjibu yeyote atakayemuulizia mtoto huyu. Barua yangu kwa shule mpya ina mistari minne. Haitaji mlezi anaishi wapi wala haisemi mtoto alifanywa nini. Barua ile italala mezani ofisini kwa walimu, chini ya kikombe cha chai, na kila atakayekuja kuchukua chaki ataisoma. Yale mengine namwambia mwalimu mkuu kwa mdomo, na mwalimu mmoja ambaye mtoto atamkimbilia akizidiwa.

Karatasi zikiwa njiani, mtoto aingie darasani. Hili ndilo ninaloligombania kuliko yote. Walimu wanaoelewa wana njia yao: jina linaandikwa kwa penseli mwishoni mwa rejesta, chini ya mstari. Anaitwa, anaitika, anasahihishiwa daftari. Uhamisho ukija, anapita mtu na kalamu.

Wa darasa la saba msimhamishe kichwakichwa. Akishasajiliwa kwa mtihani, kituo chake ni kile kile. Mmoja alisoma kwetu kwa penseli tangu Juni, Septemba tukampeleka alikotoka akafanya mtihani siku mbili, usiku analala kwa mwalimu wa kike aliyejitolea, tukarudi naye.

Aliyejifungua ana Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaomruhusu kurudi shuleni, tembea nao kwenye pochi. Bado nakutana na watu wanaoujua kwa kusikia redioni tu. Naye mwenye miaka 12 ambaye hajawahi kukaa darasani, usimlazimishe kukaa na watoto wa darasa la kwanza, atatoroka wiki ya pili; ulizia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, kwa Afisa Elimu Kata, na uulize kama darasa lipo kweli au lipo kwenye taarifa.

Sare nayo isimzuie mtu. Yule msichana wa machungwa alianza shule ya tatu na sketi ya shule ya kwanza, kijani kwenye bahari ya bluu. Alikuwa anaivuta chini muda wote, kana kwamba ikiwa ndefu itabadilika rangi. Mwalimu wake wa darasa alileta ya bluu Jumatano, imetumika, pindo limeshonwa upya.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nina watoto watatu, wawili wameshapata. Wa tatu mwalimu mkuu kasema nafasi ipo, ila hana pa kumkalisha. Sikubishana naye kuhusu michango ya madawati. Kuna fundi seremala jirani na ofisi yetu ana dawati la zamani linalohitaji mguu mmoja. Jumamosi nalipitia kwa bajaji.