Nguo ya Kuazima: Faragha ya Msikilizaji wa Podikasti Ndogo

Mwaka jana alikuja kitengoni kwetu kijana wa Morogoro mwenye podikasti (vipindi vya sauti vya mtandaoni) ya afya ya akili na tovuti ya kurasa tano. Hauzi kitu, hana matangazo, haombi mtu ajisajili. Alitaka tumkagulie ukurasa wa sera ya faragha. Tukaukuta unawaeleza wasikilizaji wake haki zao kama wakazi wa California, Marekani. Alikuwa ameunakili mahali, akabadilisha jina la tovuti, basi.

Sikumcheka sana, maana wengi hufanya hivyo hivyo. Ubaya wa sera ya kunakili ni kwamba inaahidi mambo ambayo mwenye tovuti hata hajui kama anayatekeleza. Tukaiweka kando, tukafungua kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na faili zake.

Humo kila anayepita huacha mstari. Mmoja, ukiutafsiri kwa lugha ya kawaida, ulisema: anwani fulani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), saa 21:47:03, imeomba faili la sauti la kipindi cha 14, jibu 206, simu ya Android. Hiyo 206 maana yake seva imetoa kipande tu cha faili, kwa kuwa programu za kusikilizia huchukua sauti kidogo kidogo. Kipindi cha 14 kilihusu sonona. Dakika kumi kabla kijana alikuwa ametuambia, "Mimi sikusanyi taarifa za mtu." Ni kweli mstari ule hauna jina. Lakini anwani hutolewa na kampuni ya simu, na kampuni ya simu ina daftari lake la wateja.

Hapo dawa ilikuwa nyepesi. Mwongozo wa IAB, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni, wa kuhesabu wasikilizaji, ambao watoa huduma wengi wa podikasti huufuata, hutazama anwani ya IP na aina ya programu ndani ya saa 24 ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Hesabu ikishapatikana, anwani haina kazi tena. Tukapanga tarakimu zake za mwisho zifutwe, na kumbukumbu zote ziondoke baada ya siku 14. (Na hesabu yenyewe usiiapie: mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo "wasikilizaji 300" ni makadirio.)

Vitu vya kuazima ndivyo vilivyotuchosha. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na tovuti ndogo huvaa za kuazima tangu kofia hadi viatu. Fonti, yaani maumbo ya herufi za kurasa, zilikuwa zikiletwa kutoka seva za Google, video imepachikwa kutoka YouTube, na kiungo cha kila kipindi kilipitia kwanza kwa kampuni ya kupima wasikilizaji ndipo kilifikie faili. Herufi na video hupeleka anwani ya IP ya anayetembelea tovuti kwa wenyewe, Google na YouTube, kabla hajabonyeza chochote. Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100 kwa sababu ya herufi hizo hizo za Google tu.

Herufi tulizipakua tukazihamishia kwenye seva yake. Video ikabaki picha yenye kitufe, usipokigusa YouTube haijui ulipita. Kiungo cha kupimia aliking'ang'ania siku mbili, akiota mdhamini, kisha akakiondoa. Anayesikiliza kupitia Spotify, huyo ameingia kwa akaunti ya Spotify. Mwenye podikasti hana la kufanya zaidi ya kumwambia wazi na kumwachia njia ya kupakua moja kwa moja.

Mimi kilichonitisha zaidi kilikuwa mfukoni mwake. Wasikilizaji humchangia kwa simu, na ujumbe wa muamala huja na jina. Naye, kwa adabu tu, akawa anawashukuru hewani kwa majina yao kamili. Fikiria mama aliyetuma elfu tano kimyakimya, kisha shemeji yake anamsikia akitajwa kwenye kipindi cha sonona. Kulikuwa pia na kundi la WhatsApp ambalo kila mwanachama aliona namba za wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu afya na miamala ya fedha kuwa taarifa nyeti, na kuzichakata kunataka ridhaa ya maandishi ya mhusika. Inamtaka pia anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo usijifariji kwa udogo wa tovuti.

Upande wa wageni wanaosimulia kipindini yaliyowapata, alikuwa akiwabadilishia sauti kwa kuishusha iwe nzito. Ujanja huo hurudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye programu ya kuhariri sauti. Sasa simulizi husomwa na mtu mwingine, mtaa na kazi ya mhusika hubadilishwa, na rekodi ya awali hufutwa kipindi kikishatoka.

Sera mpya ina sentensi sita, zote za mambo anayoyafanya kweli. Aliisoma kwa sauti mwanzoni mwa kipindi kilichofuata, kwani wasikilizaji wake wengi humpata kwenye programu za simu na hawajawahi kuifungua tovuti yenyewe.