Siafu hawajahamia kwako: weka chini mafuta ya taa

Mvua ndefu ikianza tu, simu yangu hainyamazi. Iwe ni Shinyalu, Khayega au Mbale, huku kwetu magharibi mwa Kenya, maneno ni yale yale: "Siafu wamehamia kwangu. Nimemwaga mafuta ya taa lakini wanazidi tu. Njoo upige dawa." Nimechoka kuyajibu kwa simu.

Siafu hawajahamia kwako, wanapita. Hawana makao ya kudumu. Kundi hukaa shimoni kwa muda, likawinda ujirani huo, kisha likabeba mabuu wake na kuhama. Walioingia jikoni ni msafara wa mawindo, wanatafuta mende, nyenje, buibui na viwavi. Vikiisha wanageuka, mara nyingi baada ya saa chache, na mende wanaowamaliza kwa usiku mmoja ni wengi kuliko watakaokufa kwa dawa yangu. Nasema hivyo na dawa ndiyo inayonilisha.

Sasa hayo mafuta ya taa. Siafu wafanyakazi hawana macho. Wanafuata harufu iliyoachwa ardhini na wenzao. Ukimwaga mafuta katikati ya mstari, wale maelfu waliokwisha kuingia ndani wanapoteza njia ya kutokea. Wanatawanyika kitandani, kabatini, kwenye nguo za mtoto. Askari, wale wenye vichwa vikubwa wanaosimama kando ya mstari taya zikiwa wazi, wakivurugwa hutoa harufu ya hatari na wenzao huja kuuma. Halafu mama wa watu amebaki na sakafu iliyolowa mafuta hatua mbili kutoka kwenye meko! Wanaomwaga petroli na kuiwasha naomba waache leo hii.

Toa kwanza mtoto mchanga, mgonjwa na mzee asiyeweza kuinuka. Fungua banda la kuku, mfungue mbuzi kamba. Mtu mzima huondoka kwa miguu yake. Anayeuawa ni mnyama aliyefungwa, au kuku anayeatamia ndani ya banda lililofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake hauonekani usiku. Nimewaambia wateja mara nyingi: komeo la banda liwe la kufungulika gizani kwa mkono mmoja. Ukitaka kuwazuia, tandaza majivu mengi mlangoni kabla hawajaingia. Wakishaingia, waache wamalize.

Wengine hunitaka nichimbe nimuue malkia. Malkia yuko chini kabisa, hana mabawa, na hutoka tu kundi linapohama. Ana urefu wa sentimita 5 hivi na hutaga mayai kwa mamilioni kila mwezi. Hata ukimpata, siafu wa aina ya Dorylus molestus, ambao wako hapa kwetu mpaka mashambani, wakifiwa na malkia huweza kujiunga na kundi jirani. Utakuwa umechimba bure.

Yule mdudu mnene wa kahawia mwenye mabawa anayejigonga kwenye taa usiku wa mvua si nyigu, wala hana sumu. Ni dume la siafu. Hawezi kudunga.

Vijana nao wananionyesha video za chungu wekundu wanaorusha asidi, wakidai ndio siafu wetu. Hao ni Formica rufa wa misitu ya Ulaya. Hujenga kichuguu kikubwa cha majani makavu ya misonobari na hukaa hapo miaka mingi. Kweli wanarusha asidi ya fomiki. Siafu wa Kakamega hajengi kichuguu wala harushi chochote. Maumivu yake ni ya taya. Akishauma usimvute kiwiliwili, maana kitakatika na kichwa kibaki kimeng'ang'ania. Bana kichwa chenyewe kwa kucha, ukivute, kisha uoshe kwa sabuni.