Nani Kautafuna Mti Huu? Kumtambua Kulungu kwa Jeraha Aliloacha

Chukua vijiti viwili vilivyoliwa ncha. Kimoja kimekatwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Kingine kimechanika, na uzi wa gome unaning'inia upande mmoja. Cha kwanza ni kazi ya sungura. Cha pili kinaelekea kuwa cha kulungu, na sababu imo kinywani mwake: taya lake la juu halina meno ya mbele, lina ufizi mgumu tu. Hubana chipukizi kati ya ufizi huo na meno ya chini, kisha huvuta. Kondoo na mbuzi nao wameumbwa hivyo hivyo, kwa hiyo usimsingizie kulungu kabla hujauliza mifugo ya jirani ilishinda wapi.

Kulungu ninaowazungumzia ni wa jamii ya Cervidae, ambao pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka. Yule kulungu wa vichaka vya Afrika ni ndugu wa swala na ng'ombe, pembe zake hazianguki. Uingereza ni mahali pazuri pa kujifunzia, maana ina aina sita porini. Kulungu mwekundu na kapreoli, yule mdogo mwepesi, ni wenyeji. Dama, sika, muntjaki na kulungu wa maji wa China waliletwa na watu. Huyu wa mwisho hana pembe kabisa na ni nadra kudhuru miti, basi tumwache.

Wengi huanza kwa kupima kimo. Kapreoli na muntjaki hula hadi mita 1.2 hivi, dama hadi mita 1.5, na kulungu mwekundu hufikia mita 1.8. Kipimo hicho kinasaidia, lakini kina hila zake. Theluji humwinua mnyama, mteremko humwongezea kimo, na mkubwa akiinamisha shingo hula chini kama mdogo. Jeraha la juu humwondoa mdogo kwenye orodha ya washukiwa. Jeraha la chini halimwondoi mtu.

Mimi huanza na swali jingine: hili ni jino au ni pembe? Dume husugua pembe kwenye shina ili kuondoa ngozi laini iliyozifunika zilipokuwa zikikua, na baadaye husugua tena kuweka alama ya himaya yake. Gome huchanika likabaki linaning'inia juu na chini ya jeraha, na katikati mti huonekana umelainika kwa kusuguliwa. Alama za meno hakuna. Ukishajua ni pembe, tazama kalenda. Kapreoli husafisha pembe zake majira ya kuchipua, kisha hulinda himaya mpaka kiangazi kinapokolea. Hupenda miche myembamba inayonesa, na mara nyingi chini yake utakuta udongo umeparuliwa kwa kwato. Kulungu mwekundu, sika na dama husafisha zao Agosti na Septemba, na wakati wa kupandana hushambulia mashina manene zaidi, tena juu zaidi. Kwa hiyo mche wa unene wa kidole gumba uliosuguliwa mwezi Mei, jeraha likiwa bado bichi, unamtaja kapreoli karibu kwa jina.

Sika ana tabia yake. Hutoboa shina la mti mkubwa kwa ncha za pembe na kuacha mifereji mirefu, ya wima, iliyozama hadi kwenye mbao. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Gome lililoambuliwa kwa meno ni kesi nyingine. Hapo washukiwa wakuu ni kulungu mwekundu na sika, na dama mara mojamoja. Kapreoli na muntjaki hawana mazoea hayo. Wakati wa baridi gome limeshika, hivyo mnyama hulikwangua kidogo kidogo na mistari ya meno hubaki imeandikwa kwenye mti, wima. Kiangazi utomvu ukipanda, gome hulegea: hulishika kwa chini, akalivuta juu, likatoka utepe mrefu bila alama nyingi za meno.

Naye muntjaki, mfupi kuliko wote hawa, ana ujanja wa kufidia. Mche ukimzidi kimo, huuma shina au hulilemea kwa mwili mpaka likavunjika, kisha hula kilele kikiwa chini. Shina lililovunjika likainama, majani ya kileleni yameliwa na ya katikati hayajaguswa: mtafute yeye.

Usiamue kwa mti mmoja. Zunguka, angalia kumi au ishirini, kisha nyayo na kinyesi. Jina la mnyama ndilo linaloamua utanunua kinga gani. Mirija ya kukinga miche ya mita 1.2 humtosha kapreoli. Kwa kulungu mwekundu hununuliwa ya mita 1.8. Kwa muntjaki, kurefusha uzio peke yake hakusaidii kitu: anataka wavu wa matundu madogo uliobanwa vizuri ardhini, kwa sababu yeye hupenya kwa chini.